Mukemwenza Wangu Anazima ku Kila Kilima

Butembo, Vulamba, 12/1/2003

Kambere bwana yangu,

Nakusalimia. Najua unaona haya nikikuita bwana yangu mu barua, mais mujukuu mwanaume ni bwana ya mukaka, nyanya yake mwenyewe, ni vile tulizaliwa, haitabadilika juu sasa unaendesha bakubwa.

Sisi huku tuko, tunapumua. Séphora dada yako alizaa mutoto mwanamuke. Kichwa kubwa kama ya baba yake, mais analia na nguvu. Maharagi ya juu ya kilima ilikufa na mvua, ya chini iko. Padri anauliza habari yako kila mara. Namujibu uko hai, juu sina jibu ingine. Naandika na mukono yangu mwenyewe. Masere ba kanisa balinifundisha miaka tatu tu, donc usianze kutafuta makosa.

Sasa tuingie mu maneno. Siku ya Epifania niliona gari yako ku soko. Ile ya kitajiri yenye ilitoka Dubai, viti ya ngozi, baridi ndani kama asubui ya Lubero. Nasikia iko hata na friji. Nilitaka kusema ilipita, mais haikupita, ilipitishwa. Basoda na bunduki mugongoni banasukuma nyuma, jasho inabashuka, weye ku volanti umeshika kichwa chini kama mwizi wa kuku. Na Komanda Phinées kule nyuma, vioo imefungwa juu vioo yake haishuke kama moteri imekufa. Mukubwa muzima anapikwa ndani ya gari yake kama ndizi mu majani.

Nikaambia bamama ba soko: "Muangalie mukemwenza wangu. Amevaa dhahabu shingoni, mais asubui lazima mumubebe ku choo." Balicheka mupaka mwenye kuuza samaki akakaa juu ya samaki yake.

Babu yako alipeleka viazi Kirumba na chukudu, ile kinga ya mbao ya kusukuma. Haina moteri, haina kapo ya kuifunika, breki yake kipande ya sandale. Haikumuacha ku njia hata siku moja. Na haikuwa na friji.

Nimecheka, nimemaliza. Sasa niambie kitu. Ulikuwa unatengeneza ile gari mu garaje ya baba mukubwa Gérard, basoda bakaja kuinyanganya, bakakuchukua na weye pamoja na funguo. Bale basoda balisema utakaa kule Beni mupaka lini? Unaandika tu "niko muzuri, niko muzuri." Mbuzi ya Noeli naye alikuwa muzuri.

Nijibu na urefu.

Mukaka wako, Emérence


Beni, 2/2/2003

Mukaka wangu mupenzi,

Barua yako nilipokea, mama Virginie aliileta kati ya mifuko ya viazi. Namushukuru Mungu juu ya mutoto. Mumuchagulie jina muzuri, si ile ya tangazo ya sabuni kama ulivyotaka kumupa Séphora. Huku Beni joto ni nyingi, mangurumo pia, mais chakula iko. Nasalimia baba mukubwa Gérard na batu yote ya nyumbani mu parcelle.

Ni kweli gari ilinihaibisha. Ugonjwa yake ni joint ya culasse: maji inaingia mahali ya mafuta, mafuta inaingia mahali ya maji, na moteri inachemuka. Pièce inatoka Dubai, na Dubai hapana jirani ya Beni. Donc natia mayai mu radiateur, inaziba matundu siku mbili tatu, tena inafunguka. Mara ingine ni ressort zake za hewa: naiacha imesimama, narudi naikuta imepiga magoti kama ngamia. Bale bazungu balioichora, nafikiri hata mu ndoto mubaya habakuona barabara ya Lubero.

Mais Mukaka, nakuomba kitu moja. Ile neno ya mukemwenza imefika huku. Basoda banaisema bakiwa kwenye moto. Commandant alisikia, akauliza nani aliianzisha. Nilisema sijui. Hapana iandike tena. Barua inafunguliwa ku barrière ya basoda njiani.

Alisema pia kama gari ikizima tena mbele ya bageni, atajua hapana moteri, ni mutu. Na ule mutu ni mimi, juu ni mimi peke yangu nafungua capot.

Unisamehe mwandiko. Naandika na mukono ya kushoto, ya kuume iko inapumuzika.

Mujukuu wako, Kambere


Butembo, 20/2/2003

Kambere,

Salamu. Mutoto anaitwa Christa, ulale na amani, sabuni ilishindwa. Ananyonya kama mutu wa deni. Séphora anakohoa kidogo. Mvua inapiga, njia ya Kirumba imekatika pahali tatu, viazi inaoza ku njia.

Mukono hapana mukristu, haina siku ya Mungu ya kupumuzika. Nani aliivunja? Uko mjinga kama baba yako, mwenye alificha malaria mupaka akaanguka mbele ya askofu. Kama ni capot ilikuangukia, ungeandika "capot iliniangukia," na ungecheka. Hukucheka. Donc si capot.

Na weye unanikataza kuongea. Mimi niliongea mbele ya Babeleji, niliongea mbele ya basoda ba kila aina, benye bote, na bote balienda, mimi niko. Nitanyamaza juu ya ile gari siku batakuuliza kama unataka kuiendesha. Mpaka ile siku, mukemwenza ni mukemwenza: analala ku kila kilima, anakunywa kuliko mulevi, na akishikwa na homa ni bwana anapigwa.

Sasa sikiliza muzuri. Dada yangu mudogo Mariette iko Kasindi, karibu na mupaka. Virginie anajua camion moja ya kahawa yenye inapita Beni. Hauna lazima ya kuaga. Ukiona Virginie na kitambaa ya kijani, umufuate.

Nimekutumia mayai mu majivu. Ni ya kwako, si ya gari. Ukitia mu radiateri nitajua.

Mukaka wako


Butembo, 16/3/2003

Kambere bwana yangu,

Sijui kama hii itakufikia. Virginie alirudi na mayai, na barua yangu yenye hukufungua. Alinikalisha kwanza, nikajua.

Alisema ulienda kupokea bageni ba komanda ku ndege, gari ikazima ku njia, bageni bakashuka mu matope na viatu yao. Alisema bale basoda balikutoa ku volanti mbele ya bale bageni. Sasa uko mu kasho, mu shimo ya chini ya ardi, na komanda amesema atangojea kwanza akili yake ipoe mbele akate maneno yako. Dereva mupya ni kijana Malachie wa hapa Butembo, mwenye alikuwa anaendesha camion ya mbao.

Safari hii sina mizaha.

Kula kila kitu utapewa, hata ikiwa mubaya. Kama balikupiga ku mbavu, lala upande ya kuume. Ule mulinzi mwenye anasali na Virginie ndiye atakusomea barua hii ao atakupa. Sisi tunasali rozari kila magaribi. Mimi nasali pia kitu yenye sitaki padri asikie: naomba Mungu ile gari izime tena. Izime mu mukono ya mutu mwingine, mbele ya batu bengi.

Emérence


Butembo, 30/3/2003

Kambere,

Wasingya Mungu, asante. Ilizima.

Kama banasoma barua hii ku bariere, basome tu, juu mukubwa yao alikuwepo na macho yake.

Juzi siku ya soko komanda alikuja kuonekana. Camion ya basoda mbele, gari nyuma, Malachie ku volanti anakauka na woga. Pale mahali njia inapanda kutoka soko, ikakohoa. Ikatoa moshi nyeupe, ikapiga magoti, ikanyamaza.

Nilingojea batu bacheke. Hakuna mwenye alicheka. Ile soko yote, bamama benye banacheka hata ku matanga, baliangalia chini. Mwenye kuuza samaki aliangalia samaki yake. Pale ndipo niliogopa, juu nilielewa bote banajua uko wapi.

Komanda alipiga mulango na bega ndani mupaka ikafunguka. Akashuka. Malachie alikuwa amekwisha kuinua mikono bila mutu kumuambia. Nikaweka kikapo chini, nikaenda. Soda moja akaniwekea bunduki mbele ya kifua. Nikamuambia: "Toa mwiko yako ya ugali hapa, niko na maneno na bwana yangu."

Komanda akageuka. "Mukaka, unataka nini?"

"Nataka bwana yangu."

"Bwana yako ni nani?"

"Kambere, mwenye ulifunga Beni. Ulisema ni yeye anaua gari. Basi leo iko mu shimo, na gari iko hapa imelala. Nani ameiua? Ni huyu mutoto Malachie, mwenye hata kapo hajui inafungukia wapi? Ao ni Kambere anaivuta na kamba kutoka Beni?"

"Unajua unaongea na nani?"

"Naongea na mutoto wa Kirumba, umri ya bajukuu bangu. Donc na weye ni bwana yangu. Nani atanikataza kugombana na bwana yangu ku njia? Kama kwenu balikwisha kuacha ile desturi, uniambie, nitajua kwenu kulikufa."

Kambere, niliona mukono yake inasogea ku mukaba. Mais macho yake ilikuwa ku batu. Basoda yake ni batoto ba hapa, nusu yao bana mukaka mu ile soko. Mzee moja akakohoa. Soda mwenye bunduki akaanza kuangalia viatu yake, mabega inatetemeka na kicheko. Kama angenipiga, ni mukaka yake alipiga, mbele ya Butembo muzima. Alijua. Na mimi nilijua anajua.

Akacheka. Alicheka polepole, kama mutu anahesabu karata yake.

"Sawa, muke wangu mukubwa. Umesema kweli, gari ni gonjwa, hapana mutu. Leo nitapiga fonia ya redio, bamutoe. Nakurudishia bwana yako." Akangojea soko ipige mikono kwanza. Kisha: "Mais bwana wa bibi bawili haache muke mudogo mugonjwa ku njia. Hakuna mwingine mwenye anamujua. Ataenda naye mbele, Kanyabayonga. Na muke mukubwa anangojea ku nyumba, anatunza moto. Ni vile desturi inasema, ao nimekosea?"

Hakukosea. Soko yote ikacheka, ile kicheko yenye balikuwa bameimeza ikatoka yote mara moja. Na mimi nikacheka. Muke mwenye anaanza mizaha ku njia hana haki ya kuikasirikia ikimurudia. Nilicheka mupaka ku mulango ya nyumba. Ndani sikucheka.

Kanyabayonga ni kule risasi iko. Nilikutoa mu shimo nikakutuma kule na mudomo yangu hii. Usijibu juu ya ile. Jibu tu kama mbavu imepona.

Mukaka wako


Kirumba, 16/4/2003

Mukaka wangu,

Nakusalimia mu jina ya Bwana. Mbavu imepona, mukono pia karibu, unaona mwandiko umerudi. Natumaini Séphora hakohoe tena, na Christa anaongeza kilo. Hapa Kirumba soko inafanya bado, mais batu banauza bakiwa bamesimama, na mizigo imefungwa.

Tulipita Butembo siku ya Matawi. Nilitaka kusimama, commandant akakataa. Mulikuwa mu maandamano, niliona matawi juu ya ukuta ya paroisse, sikuona uso.

Juu ya lile shimo, nimekwisha kusahau.

Kuna habari yenye sikuingojea. Commandant alipata joint mupya, ilipita Kampala. Niliifunga mimi mwenyewe, siku mbili, na Malachie ananishikia taa. Nilisafisha kila kitu. Na tangu hapo, Mukaka, haijazima. Hata mara moja. Ilipanda milima yote ya Lubero kama mutu anaenda ku ndoa yake. Sikio yangu inangojea ile kikohozi, haikuje. Unisamehe, mais nilisikia fahari. Miaka mbili naitibu, nilikuwa sijajua hata sauti yake ya kweli.

Commandant anafurahi sana. Anakaa mbele, karibu yangu. Anasema na gari kama hii tutakuwa ba kwanza kuingia.

Tutaingia kisha Pasaka. Tafazali musiuze ile shati yangu nyeupe. Nitaitafuta.

Kambere


Butembo, Lundi ya Pasaka, 21/4/2003

Kambere,

Kristo amefufuka. Na gari naye, naona.

Sisi tuko. Sina wakati ya habari za parcelle, Virginie amesimama ku mulango na mufuko wa unga, barua hii itaingia ndani ya unga. Ukisoma, uchome.

Miaka mbili ilikuwa inazima mahali haifai. Mbele ya soko, mbele ya bageni, ku kila kilima. Sasa imefika mahali moja ndani ya dunia pahali inafaa kuzima, ndipo inakimbia kama mbuzi ameona chumvi. Ni shetani alichora ile mashini, hapana muzungu.

Iharibu.

Sijui namna gani, weye ndiye fundi. Weka muchanga, weka sukari, kata ile bomba ya maji, toa ile kitu yenye ulifunga na fahari yako. Fanya ife Kirumba, mbele haijashuka Kanyabayonga. Gari ikikufa, dereva hana kazi kule.

Najua utasema, mimi si mwaribifu. Kambere, balikuvunja mukono na mbavu juu ya kosa yenye hukutenda. Ulikwisha kulipa. Sasa itende.

Sijakuomba kitu tangu uzaliwe, nilikuamuru tu. Na hii ni amri.

Emérence


Kirumba, 9/5/2003

Mukaka,

Nasalimia wote. Barua yako ilichelewa sana, Virginie alikaa Lubero siku nyingi juu ya njia. Nilisoma, nikachoma.

Tulienda Kanyabayonga, sikuwa bado nimeipata. Sitaandika ile niliona. Siku ya pili commandant alishuka mu gari, akaingia mu camion yenye inarudi Beni, akasema anaenda kutafuta nguvu ingine. Alinirushia funguo ku dirisha. Hajarudi. Camion zingine zilimufuata zote.

Mahali pale mulibaki gari moja, hii. Na batu benye kuumia, basoda na bamama ba soko, bote pamoja chini ya mabati. Infirmier mwenye anabafunga vidonda akauliza nani anaendesha. Donc sasa natoa batu kule, nabaleta Kirumba, benye kuumia sana tunaendelea nabo mupaka Lubero. Nilitoa viti ya nyuma. Ya mbele ni ngozi, damu inatoka na maji tu. Butembo banasema hospitali imejaa, safari inayokuja nitapita mupaka Beni.

Barua yako nilipata nikiwa Kirumba, nakaribia kuondoka. Nilitaka kukutii, ujue ile. Nilifungua capot, nilikuwa na clé ya kufungulia bolti mu mukono, niliiweka ku bomba ya maji. Mama moja alikuwa nyuma, paja yake imefungwa na kitenge. Akainua kichwa, akauliza: "Chauffeur, iko na shida?" Nikasema hapana, naongeza tu maji. Nikaongeza maji. Nikafunga.

Siwezi, Mukaka. Unitukane tu.

Na sasa joto imeanza kupanda tena. Moshi inakuwa nyeupe ku milima. Sizimishe tena moteri nikiwa na batu ndani, hata nikinunua mafuta, juu nikizimisha sijui kama itawaka. Kila kilima naiombea kama mutu.

Kambere


Butembo, 18/5/2003

Kambere,

Salamu. Christa anageuka peke yake sasa, ametoka juu ya kitanda mara moja, hakulia, alikasirika tu. Séphora amepona. Gérard amefunga garaje, anasema atafungua kama basoda bamejua kulipa, donc hatafungua.

Barua yako nilisoma mara mingi. Nilikuwa natafuta mahali ulinitii. Haiko. Uko kichwa ngumu na sijui ulirithi wapi, juu babu yako alikuwa mutu mupole.

Leo sikuenda misa. Tangu barua yako ifike nasimama ku njia ya Kirumba kila asubui, na bamama bengine benye bako na batu kule. Leo nilikuja na bundu yako, ugali ya muhogo, mu majani, na mboga ya sombe, na kipande ya nyama yenye Séphora alificha bwana yake. Nilisema hata nikikuona dakika moja, utakula.

Sauti yake tuliisikia mbele tuione. Mama moja akaanza kusema kitu juu ya mukemwenza. Nilimuangalia, akaacha.

Kioo ya nyuma haiko tena. Mulango moja imefungwa na kamba ya mbuzi, na mahali mulango haikufunga miguu ya mutu ilikuwa inatoka. Umekonda. Uko na ndevu, haikufai. Nilishuka mu njia, majani juu ya mikono, na niliona umeniona, juu mukono yako moja ilitoka ku volanti.

Nilifungua mudomo niseme simama.

Nyuma yako moshi ilikuwa nyeupe mupaka ilificha barabara. Nikarudi ku kando. Nikafanya na mukono: pita, pita.

Ukapita. Nilisikiliza mupaka ulipanda kilima ya mwisho, na ule upande mwingine pia nilisikia ungali unaenda. Kisha tukakaa chini na Virginie, tukakula bundu yako, ingali ya moto.

Mukaka wako, Emérence